Margherita kwa waliokwishafika Uhuru na Lenana: Nyakalengija au Kilembe?

Kyebando_Juu

Ndugu wapandaji, naomba ushauri wa watu wanaoijua Rwenzori kwa miguu yao.

Tuko wanne, tunatoka Kampala, tunalenga Margherita, kilele cha juu kabisa cha Rwenzori, mwezi Januari. Wote tumefika Uhuru ya Kilimanjaro na Point Lenana ya Mlima Kenya, na wawili kati yetu wanajua kamba za mwambani: kufunga fundo la nane, kushuka kwa kamba, kumshikia mwenzako anayepanda. Barafu ndiyo hatujawahi kuikanyaga. Nguvu za miguu tunazo, kwa hiyo upande huo msituhurumie.

Tunabishana mambo matatu. La kwanza ni njia. Kampuni moja inasema kupitia Nyakalengija siku saba zinatosha. Nyingine ya upande wa Kilembe inasema nane na haikubali kupunguza. La pili ni mazoezi: twende Wagagai ya Mlima Elgon kwanza, au Muhavura na Sabinyo, zile volkano za Kisoro? La tatu ni vifaa vya barafu: tununue au tukodi huko huko? Na kama kuna kilele ndani ya Uganda kinachosumbua kuliko Margherita, kitajeni, tukiweke kwenye mipango ya baadaye.

Nyamwamba_Bonde

Karibuni Kasese. Naanza na njia, kwa sababu njia ndiyo itakayoamua kama mtafika juu mkiwa na akili timamu.

Acheni kuhesabu siku, hesabuni mahali pa kulala. Ukishavuka mita 3,000, usilale zaidi ya mita 500 juu ya pale ulipolala jana. Sasa chukueni ratiba ya siku saba ya Nyakalengija muipime. Langoni ni kama mita 1,650. Usiku wa kwanza Nyabitaba, 2,651. Wa pili John Matte, kama 3,500. Wa tatu Bujuku, 3,962. Wa nne Elena, 4,541, na saa nane za usiku huo huo mnaamshwa kwenda kileleni, 5,109. Hapo mmeruka vibaya mara mbili: Nyabitaba hadi John Matte mita 850 hivi, na Bujuku hadi Elena karibu 580. Mtu mwenye mapafu ya Kilimanjaro anajiona mzima kabisa Bujuku. Akifika Elena usingizi haupatikani, wali haushuki, na kabla hajapumzika anavalishwa kramponi (meno ya chuma ya kufunga chini ya kiatu) gizani. Anayerudishwa kutoka hapo kwa kawaida hajashindwa na miguu, ameshindwa na usiku mbili zilizotangulia.

Kilembe imepangwa tofauti. Mnaanza karibu mita 1,450, mnalala Sine 2,596, Mutinda 3,588, Bugata 4,062, Hunwick's 3,974, Margherita Camp 4,485. Sine hadi Mutinda ni karibu mita elfu moja kwa siku, na hapo ndipo mahali pabovu pa ratiba ya siku nane. Dawa yake ipo njiani: laleni Kalalama, mita 3,134, hata kama kampuni imezoea kuipita kwa chai tu. Baada ya Mutinda mambo yanakaa vizuri. Mnapata usiku mbili kwenye mita 4,000, na katikati yake mnavuka Bamwanjara Pass, mita 4,450, kisha mnashuka kulala. Kupanda juu na kulala chini ndiyo njia bora ya kuuzoesha mwili hewa nyembamba, na Kilembe inawapa hilo bila kuongeza siku ya kukaa bure.

Kwa hiyo jibu langu: Kilembe kwa siku tisa, pamoja na siku moja ya akiba kwa ajili ya mvua. Mkishikilia Nyakalengija, iwe siku nane, mlale Bujuku usiku mbili na ile siku ya katikati mpande kuelekea Stuhlmann Pass kisha mrudi. Ratiba ya siku saba ni ya mtu aliyetoka kulala juu ya mita 4,000 ndani ya wiki moja au mbili zilizopita. Uhuru wa mwaka jana hausaidii chochote, mwili unasahau.

Kuhusu mwezi, Januari mmechagua vizuri. Desemba hadi Februari na katikati ya Juni hadi Agosti ndiyo miezi yenye nafuu. Lakini Rwenzori haina mwezi usio na mvua, na mvua ya mita 4,000 inaloesha mtu ambaye hawezi kukauka tena hadi ashuke. Kilimanjaro ukilowa utaanika begi kwenye jua la asubuhi. Huku, kilicholowa siku ya pili kitabaki kimelowa hadi siku ya mwisho. Kwa hiyo seti moja ya nguo za kulalia, soksi nzito na begi la kulalia vikae ndani ya mfuko usiopitisha maji, na mfuko huo ndani ya mwingine. Nguo hizo hazivaliwi kutembelea, hata zile za kutembelea zikiwa zimeganda asubuhi. Atakayevunja sharti hili Bugata atalala anatetemeka Margherita Camp.

Kamba_na_Shoka

Nyamwamba amemaliza habari ya njia, mimi niseme habari ya barafu, kwa sababu maelezo mengi yanayozunguka mtandaoni ni ya mlima ambao haupo tena.

Wakati Mwitaliano yule, Duke wa Abruzzi, anafika Margherita mwezi Juni 1906, barafu ya Rwenzori nzima ilikuwa zaidi ya kilomita 6 za mraba. Kufika 2003 ilikuwa imebaki chini ya 1, na imeendelea kupungua kila mwaka. Tofauti hiyo mtaikuta chini ya miguu yenu. Mahali ambapo zamani watu walitembea kwenye theluji laini yenye mteremko wa wastani, sasa kuna barafu tupu, ngumu, yenye vumbi jeusi juu yake, na chini yake mwamba uliofunuka wenye mawe yasiyoshikamana. Kwa hiyo mstari wa njia unabadilika. Kabla hamjalipa chochote, mwulizeni mwongozaji swali hili: "Mwezi huu mnaingilia barafu ya Margherita upande gani, na sehemu yenye mteremko mkali ina urefu wa mita ngapi?" Anayepanda mara kwa mara atajibu papo hapo, na atawaambia pia wapi kamba zimefungwa na lini zilibadilishwa. Anayejibu kwa jumla jumla mwacheni.

Siku ya kilele inakwenda hivi. Kutoka Elena au Margherita Camp mnapanda kwanza miamba bapa iliyolowa, mikono ikitumika, gizani. Kisha mnavaa kramponi na kuvuka uwanda wa barafu wa Stanley mkiwa mmefungwa kamba moja. Hapo mteremko si mkali, hatari yake ni nyufa na ukungu. Mnashuka tena kwenye mwamba, mnaikabili barafu ya Margherita yenyewe, ambayo ndiyo kali, na mwisho kuna mwamba mwingine wenye kamba za kudumu hadi juu. Kuvaa na kuvua kramponi hapo katikati kunakula muda kuliko watu wanavyodhani. Watu wanne wasio na mazoea, kila mmoja dakika kumi, mara tatu au nne, vidole vikiwa na baridi: mmepoteza zaidi ya saa nzima. Fanyeni mazoezi nyumbani mkiwa mmevaa glavu nene na macho yamefungwa, hadi dakika mbili zitoshe.

Sasa vifaa. Viatu na kramponi nunueni au azimeni kwa mtu mnayemjua, vingine kodini. Sababu ni kwamba kramponi haifai peke yake, inafaa kwa kiatu fulani. Ifungeni kwenye kiatu bila kukaza mikanda, kisha nyanyueni kiatu kwa kushika kramponi na mkitikise. Kikidondoka, urefu wa kile chuma cha kati haujawekwa sawa au umbo la soli halilingani. Chukueni za chuma, meno kumi na mawili, zenye bamba la mpira chini ili theluji isigande kwenye soli. Za alumini ni nyepesi lakini huku mtakanyaga mwamba nazo mara nyingi, zitakuwa butu kabla ya kufika. Meno ya mbele yanolewe kwa tupa ya mkono. Mashine ya kunolea ina moto, na chuma kikipata moto kinapoteza ugumu wake. Mkikodi, angalieni mambo mawili: meno ya mbele yasiwe yameviringika, na mikanda isiwe na nyuzi zilizochanika pale inapopita kwenye pete.

Shoka la barafu la sentimita 55 hadi 65 linatosha. Helmeti si ya hiari, mawe yanaanguka kutoka kwenye ule mwamba uliofunuka, hasa jua likishaanza kuyalegeza. Hanesi, ile mikanda ya kiunoni na mapajani ya kufungia kamba, ivaliwe juu ya suruali ya mvua, na kabla ya safari mhakikishe mnaweza kuifungua miguuni bila kuivua kiunoni, maana haja itakuja saa kumi za alfajiri.

Kwa kamba, watu wanne na mwongozaji mmoja mnataka mita 40 au zaidi. Kwenye uwanda wa Stanley acheni mita nane hadi kumi kati ya mtu na mtu, kamba iwe imenyooka bila kuburuta chini. Mkikaribiana mkaanza kupiga picha, kamba haina kazi tena, maana wawili wanaweza kusimama juu ya ufa mmoja. Lakini kwenye mteremko mkali mambo yanageuka, na hapa nawaomba mnisikilize. Kamba inayowaunganisha watu wanne kwenye barafu ngumu bila kushikizwa popote haimwokoi mtu yeyote. Mmoja akiteleza anawang'oa wote. Pale panatakiwa skrubu za barafu, zinazozungushwa ndani ya barafu ili kushikiza kamba, au kamba iliyofungwa juu, kila mtu akiwa ameishika kwa prusiki (fundo linalobana kamba likivutwa) au kifaa cha kupandia. Mwulizeni mwongozaji anabeba skrubu ngapi. Jibu likiwa "hazihitajiki", omba zibebwe hata kwa gharama yenu.

Kwenye kamba za kudumu, jifungeni kwa mikia miwili, yaani vipande viwili vifupi vya kamba kutoka kwenye hanesi, kila kimoja na karabina (pete ya chuma inayofunguka) yake. Mkifika kwenye fundo, toeni mmoja, uvusheni, ufungeni, ndipo mtoe wa pili. Na msininginie kwa uzito wote kwenye kamba mliyoikuta. Jua la ikweta linakula nailoni, na pale kamba inapogusa ukingo wa mwamba hukatika kutoka ndani. Ishikeni kama ya tahadhari, mpande kwa miguu yenu.

Budadiri_Sasa

Nijibu la mazoezi. Chagueni Wagagai, na chagueni njia iitwayo Sasa.

Wagagai ni mita 4,321, na watu wanaidharau kwa sababu Elgon umelala, hauna ncha ya kutisha. Lakini kutoka Budadiri siku ya kwanza inapanda zaidi ya mita 1,500 hadi kambi ya Mto Sasa, kama mita 2,900, na katikati kuna ukuta wa Mudangi unaopandwa kwa ngazi. Siku ya pili Mude Cave, 3,500. Siku ya tatu kilele na kurudi Mude au kushuka moja kwa moja. Siku nne kwa utulivu. Ile siku ya kwanza ndiyo kipimo chenu: mkifika Sasa mmechoka kiasi cha kushindwa kula, begi ni zito mno au mwendo ni wa papara, na mna muda wa kurekebisha kabla ya Januari. Bebeni uzito ule ule mtakaoubeba Rwenzori, hata kama wapagazi wapo.

Ukienda Wagagai wiki mbili kabla ya Rwenzori na ukalala Mude usiku mbili, unaondoka na kitu kidogo cha kuusaidia mwili Bugata. Ukienda miezi mitatu kabla, ni mazoezi ya miguu tu.

Muhavura na Sabinyo ni za namna nyingine. Muhavura, 4,127, ni kupanda na kushuka siku moja, mteremko haupumziki, na magoti yanalia zaidi wakati wa kurudi. Sabinyo ni fupi, mita 3,669, lakini ndiyo inayofundisha mikono: vilele vitatu mfululizo, ngazi za miti zilizolowa, matope, na kile cha tatu ndipo Uganda, Rwanda na Kongo zinakutana. Mtu anayeogopa kuning'inia mahali pa wazi atajulikana kwenye ngazi za kile kilele cha tatu, na ni afadhali ajulikane hapo, karibu na Kisoro, kuliko kwenye mwamba wa mwisho wa Margherita. Mkiwa na siku mbili za ziada, nendeni Sabinyo. Muhavura unaweza kusubiri.

Kyebando_Juu

Asanteni sana, ndugu. Kamba_na_Shoka, hilo la skrubu hakuna aliyetuambia.

Nina mawili zaidi. Wanasema lazima tuvae gambuti. Je, kramponi zinakaa kwenye gambuti, au tubebe na buti ngumu? Na mtu akizidiwa na mwinuko kule juu, anashushwa kupitia wapi? Mmoja wetu aliumwa kichwa sana Kibo kule Kilimanjaro, tungependa kujua mapema.

Muuguzi_Bwera

Nichukue la pili, dada au kaka, maana ndilo linalonihusu.

Aliyeumwa kichwa sana Kibo ana uwezekano mkubwa wa kuumwa tena mkipanda kwa kasi ile ile. Amwone daktari kabla ya safari, azungumzie asetazolamaidi, ile inayouzwa kwa jina la Diamox. Dozi ya kinga kwa mtu mzima kwa kawaida ni miligramu 125 asubuhi na 125 jioni, kuanzia siku moja kabla ya kupanda. Aliye na mzio wa dawa za salfa amwambie daktari, asijinunulie dukani. Ajaribu dozi moja au mbili akiwa nyumbani: vidole vitamchonyota na atakojoa sana, hayo ni ya kawaida, lakini ni vizuri ayajue kabla hajafika kambini na kudhani ni ugonjwa. Dawa hii inausaidia mwili kuzoea. Haimruhusu mtu kuruka kambi.

Dalili za kutazamana jioni kila siku: kichwa kinauma na chakula hakitaki, hapo hakuna kupanda kesho hadi apone. Mwambieni pia atembee hatua kumi kwenye mstari ulionyooka, kisigino kikigusa ncha ya kiatu kingine. Akiyumba kama amelewa, au akianza kuongea yasiyoeleweka, ubongo umevimba. Akihema akiwa amekaa, au kifua kikitoa sauti ya maji, mapafu yanajaa. Hayo mawili hayangoji asubuhi, anashushwa usiku huo huo hata kama mvua inanyesha. Kiongozi wa msafara awe na deksamethasoni na nifedipini, na ajue kuzitumia, lakini dawa hizo ni za kumwezesha mgonjwa kutembea, mteremko ndio unaomponya.

Na hapa ndipo naipinga kidogo Kilembe ya Nyamwamba. Tazameni ramani ya maji. Maziwa ya Kitandara na kambi ya Hunwick's yako kwenye bonde ambalo maji yake yanaelekea Kongo. Ukimtoa mgonjwa huko kurudi Kasese, lazima kwanza umpandishe: Freshfield Pass ni 4,282, Bamwanjara 4,450, Oliver's Pass 4,505. Mtu ambaye mapafu yanajaa unampandisha mita mia kadhaa ndipo aanze kushuka. Bonde la Bujuku halina tatizo hilo. Kutoka Bujuku hadi John Matte hadi mtoni chini ya Nyabitaba ni kushuka karibu muda wote, ingawa ni mbali na kuna matope. Na helikopta msiihesabu, mawingu yanaifunga milima ile siku nyingi.

Nyamwamba_Bonde

Muuguzi amesema kweli, na hilo liingie kwenye mpango wenu kwa maandishi. Kilembe bado naiona bora kwa kuuzoesha mwili, ila mwamue kabla ya kuondoka: kuanzia Margherita Camp, mgonjwa hashushwi kwa njia mliyojia. Anavushwa Scott Elliot Pass, ambayo kwa 4,372 iko chini ya kambi yenyewe, kisha anashuka Bujuku na kutokea Nyakalengija. Kwa kuwa njia hizo mbili zinaendeshwa na makampuni tofauti, mwongozaji wenu apange mapema: namba za simu za watu wa upande wa pili, ruhusa ya kulala vibanda vyao, na machela iko wapi. Waarifuni na askari wa Mamlaka ya Wanyamapori pale langoni. Mambo haya yakipangwa wakati mtu ameshazidiwa, saa tatu zinapotea kwa maneno tu.

Pale Hunwick's, jioni kabla ya kupanda Margherita Camp, fanyeni ule mtihani wa mstari kwa makini. Anayeyumba hapo asiendelee kwa tumaini la kwamba kesho atakuwa sawa.

Sasa gambuti. Ndiyo, vaeni, kutoka Sine au Nyabitaba hadi kambi ya mwisho. Buti za ngozi zikijaa maji ya kinamasi cha Bigo zinabaki na kilo nzima ya tope, na malengelenge yanaanza siku hiyo hiyo. Kasese mtapata gambuti za bei nafuu sokoni, lakini chagueni zenye soli yenye meno marefu. Zile laini za shambani zinateleza kwenye miamba yenye ukoga na kwenye mbao za daraja la matope. Ziwe kubwa nusu saizi, mweke soli ya ndani ya ziada na soksi mbili. Kisigino kikicheza, ongezeni soli nyingine, msikaze kwa kitambaa.

Kwenye kinamasi, kanyageni juu ya vichuguu vya nyasi pale katikati ya shina, si pembeni, na mpime kwa fimbo kabla ya kuhamisha uzito. Mguu ukizama hadi gotini msiuvute kwa nguvu, gambuti itabaki chini. Zungusheni kisigino taratibu hewa iingie, ndipo utoke.

Kamba_na_Shoka

Kuhusu kramponi juu ya gambuti: za mikanda zinafungika, na mtawaona watu wakifanya hivyo. Nyie msifanye. Gambuti inapinda katikati, chuma hakipindi, na kwenye mteremko mkali kramponi inachomoka kisiginoni pale pale unapotegemea meno ya mbele. Bebeni buti ngumu zenye soli isiyopinda, zikae ndani ya mfuko mkavu hadi Elena au Margherita Camp, mzivae usiku wa kilele tu.

Lobelia_4000

Umeuliza vilele vinavyosumbua kuliko Margherita. Kwa urefu hakuna, Margherita ni wa tatu Afrika baada ya Kilimanjaro na Kenya. Kwa ugumu wa kutafuta njia, vipo.

Vittorio Emanuele wa Mlima Speke, mita 4,890, unapandwa kutoka Bujuku kupitia upande wa Stuhlmann Pass. Barafu iliyokuwa juu yake imekwisha karibu yote, kwa hiyo zamani mlikuwa mnahitaji kramponi na sasa mnahitaji msuguano: mabamba ya mwamba yaliyolainishwa na barafu, yenye kuvu na maji. Mwamba mkavu unapandika bila shida, ukilowa kamba ni lazima. Edward wa Mlima Baker, 4,844, una ukingo mwembamba na upepo. Umberto wa Emin, 4,798, na Iolanda wa Gessi, 4,715, ziko kaskazini, watu hawaendi, njia imefunikwa na majani, na mtalala kwenye mahema badala ya vibanda. Hapo mwongozaji anayejua Margherita peke yake hatoshi.

Kuna safari ya kufika kilele kimoja cha kila mlima katika ile sita: Stanley, Speke, Baker, Emin, Gessi na Luigi di Savoia. Hiyo inataka karibu wiki mbili na wapagazi wanaolipwa vizuri. Chakula kinapangwa kwa siku za akiba, maana siku mbili za ukungu mfululizo kwenye Emin ni jambo la kawaida. Kama mnataka kuionja kidogo Januari hii, wale wa Kilembe wanaweza kupitia Weismann, 4,620, wakati wa kurudi, iko jirani na Oliver's Pass. Anga ikiwa wazi asubuhi, ongezeni. Ikiwa imefunga, piteni.

Kyebando_Juu

Tumeafikiana: Wagagai katikati ya Desemba, usiku mbili Mude, kisha Kilembe siku tisa na moja ya akiba, tukilala Kalalama. Njia ya dharura ni Bujuku. Buti na kramponi tunanunua, kamba na shoka tunakodi, skrubu tunaomba kwa maandishi.

Swali la mwisho kwa Kamba_na_Shoka: barafu Kampala hakuna. Tutafanyia wapi mazoezi ya kramponi?

Kamba_na_Shoka

Kwanza kwenye mwamba, kwa sababu kule juu mtatembea nazo kwenye mwamba pia. Tafuteni jiwe kubwa la mteremko mdogo, vaeni kila kitu pamoja na hanesi na helmeti, mpande na kushuka kwa nusu saa. Jifunzeni kuacha nafasi kati ya miguu, maana kosa la kwanza la kila mgeni ni kuchana suruali kwenye shavu la mguu kwa meno ya mguu wa pili, na kuanguka kwa sababu hiyo. Kwenye mteremko mdogo meno yote ya chini yaguse pamoja, visigino visinyanyuke.

Kisha, Margherita Camp mtafika mchana. Msilale moja kwa moja. Mpeni mwongozaji saa moja na nusu awafanyishe kwenye miamba iliyo juu ya kambi: kutembea mkiwa mmefungwa kamba, kupita fundo kwa mikia miwili, na kujizuia kwa shoka. Hili la shoka lifanyeni bila kramponi miguuni, na mahali ambapo mkiteleza mnasimama wenyewe: kifua juu ya shoka, mkono mmoja kichwani mwake, mwingine chini ya mpini, magoti yamebana. Mrudie upande wa kulia na wa kushoto, maana hamtachagua upande wa kuangukia. Yule atakayeshindwa kupita fundo bila kusaidiwa mchana, usiku awekwe wa pili kwenye kamba, nyuma ya mwongozaji, na vituo vya kuvaa kramponi viongezewe dakika kumi kwa ajili yake. Saa ya kugeuka iwe saa nne asubuhi, mmefika au hamjafika. Baada ya hapo barafu inalegea, mawe yanaanza kushuka, na radi za mchana ziko njiani.